Taa ya VSC Imewaka: Isake Sensa Mbovu Kabla Hujanunua Spea

Sensa ya gurudumu la nyuma kulia nimeinunua mara mbili kwa gari moja. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, nikaitoa Ilala. Taa ya VSC, ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ilizimika siku mbili, ya tatu ikarudi. Fundi akaniambia, "Kaka, hii imechoka, tafuta mpya." Nikatafuta mpya, taa ikakaa kimya siku nne. Kumbe shida ilikuwa waya. Ulikatikia ndani ya ganda lake pale unapojipinda nyuma ya shokapu, na kwa nje hauna hata mkwaruzo. Kila tulipofungua sensa tuliusogeza kidogo, ncha zikagusana, taa ikazima, tukapongezana.

Kodi ya hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta ya gari huitunza ikiona kosa, ilikuwa C0210 na fundi aliisoma vizuri. (Kodi hizi si zile za mamlaka ya mapato, TRA, ingawa nazo hutoa watu jasho.) Tulipokosea wote wawili ni kudhani kodi inataja spea. Kodi inataja njia nzima: sensa, plagi yake, waya, meno au sumaku inayozunguka na gurudumu ambayo sensa inaisoma, na tundu la kontroli boksi (kompyuta ndogo ya mfumo) ambamo waya unaishia. Chochote kati ya hivyo kikifa, kodi ni ileile. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vitu vya bure, unakwenda kwenye vya multimita (kipimo cha umeme), na duka la spea liko mwisho kabisa.

Nitatumia Toyota kama mfano kwa sababu ndizo tunazoendesha wengi. Kama gari lako ni Nissan au Subaru, mfumo huuhuu unaitwa VDC. Honda wanauita VSA, Mazda na BMW DSC, Mitsubishi ASC, Mercedes na Volkswagen ESP. Namba za kodi zitatofautiana, lakini vipimo ni vilevile.

Mfumo unataka kujua nini

Unapoingia kona, mfumo unajiuliza maswali mawili. Dereva anataka kwenda wapi? Jibu linatoka kwenye sensa ya usukani, iliyo nyuma ya stelingi. Gari lenyewe linakwenda wapi? Jibu linatoka kwenye sensa ya mzunguko wa bodi, ambayo kwenye Toyota nyingi imefungwa sakafuni chini ya konso ya katikati, pamoja na sensa ya msukumo wa ubavuni. Sensa nne za magurudumu zinatoa kasi, na sensa ya presha ya breki inasema umekanyaga kiasi gani. Majibu mawili yakipishana, yaani usukani unasema kushoto na bodi bado inakwenda mbele, kontroli boksi inabana breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini mpaka yakubaliane.

Ndiyo maana sensa moja ikidanganya, mfumo wote unajizima. Ni afadhali ujizime kuliko ubane breki ya gurudumu moja mkiwa mwendo wa 100 kwa sababu ya taarifa ya uongo.

Teknolojia hii iliingia barabarani mwaka 1995, Mercedes kwenye S-Class kwa mfumo wa Bosch na Toyota kwenye Crown Majesta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1997, Mercedes A-Class ndogo ilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla, na kampuni ikalazimika kuweka ESP kwenye A-Class zote. Japani ilianza kuulazimisha kwa modeli mpya Oktoba 2012. Kabla ya hapo mnunuzi wa kwanza kule ndiye aliyechagua alipie au asilipie, hivyo usishangae magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja, moja lina VSC na jingine halina. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya VSC au ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) isipowaka kabisa ilhali mfumo upo, shuku kwamba mtu aliichomoa balbu kabla ya kukuuzia.

Kwanza zisome taa zenyewe

Hapa watu wengi hupapasa, na ndipo nusu ya majibu yalipo.

Neno VSC OFF likiwaka peke yake, pengine ni kitufe tu. Mtoto au muosha magari amekibonyeza. Kibonyeze tena.

Picha ya gari linaloteleza ikimetameta wakati tairi linazunguka kwenye tope, mfumo unafanya kazi yake. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni inapowaka na kukaa.

VSC ikiwaka pamoja na taa ya injini, acha sensa za VSC kwanza. Toyota huuzima mfumo wa VSC pale injini inapokuwa na hitilafu, kwa sababu haiwezi kuamini nguvu ya injini itapungua ikiamriwa. Kwenye mashine ya kusoma kodi utakuta C1201, kodi ambayo tafsiri yake ni "kaulize kontroli boksi ya injini." Nimeona mtu akibadilishiwa sensa ya usukani wakati ugonjwa ulikuwa sensa ya oksijeni kwenye egzozi. Tengeneza injini, futa kodi, VSC itazima yenyewe.

VSC na ABS zikiwaka pamoja, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya gurudumu au umeme. VSC ikiwaka bila ABS, elekea kwenye usukani na sensa ya mzunguko wa bodi. Si sheria ya msahafu, ila itakuokolea saa nyingi.

Taa nyekundu ya breki ikiungana nazo, usiendelee na safari. Hakikisha handibreki imeshuka, kisha tazama kiwango cha mafuta ya breki na uvujaji kwenye magurudumu. Kwa taa za njano peke yake breki za kawaida bado zipo. Kinachokosekana ni ule msaada wa kutoteleza, kwa hiyo punguza mwendo, hasa mvua ikinyesha.

Maswali ya bure kabla ya mashine

Swali lenye faida kuliko yote: gari lilifanywa nini kabla taa haijawaka? Wiki moja nyuma, si mwaka. Kama lilibadilishiwa beringi ya gurudumu, sivi jointi, shokapu au springi, anzia kwenye gurudumu hilohilo. Kama lilifanyiwa alaimenti, anzia kwenye usukani. Kama lilioshwa ndani kwa maji na kapeti likatolewa, nenda chini ya konso. Kama betri ilichomolewa, huenda mfumo umesahau sifuri yake tu, yaani pale unapoanzia kupimia, na hakuna kilichokufa. Fundi anayeuliza swali hili kabla hajachomeka mashine, mshike.

Kisha betri. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Injini ikiwa inanguruma, utarajie kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiyumba, kontroli boksi ya ABS hulalamika kabla ya redio au taa, na kwenye Toyota kodi yake ni C1241. Safisha vichwa vya betri na kazisha waya wa bodi kabla ya kuendelea.

Matairi: soma namba ubavuni mwa yote manne. Tairi la 205/65R15 lina kipenyo cha milimita 647 hivi, la 195/65R15 kama 634. Tofauti ni asilimia 2, na gurudumu dogo huzunguka haraka zaidi kwa asilimia hiyohiyo. Hata namba zikiwa sawa, tairi jipya lenye meno ya milimita 8 na kipara chenye milimita 2 wanapishana kipenyo kwa milimita 12. Mfumo huvumilia tofauti ndogo, lakini ukichanganya tairi na ukubwa tofauti kwenye ekseli moja, kisha upepo mmoja ukawa pungufu, unautafutia sababu ya kulalamika.

Taa za breki nyuma: mwombe mtu asimame nyuma ukanyage pedali. Swichi ya pedali ni sehemu ya mfumo huu, na ikifa au balbu zake zikiungua, kodi kama C1249 au C1425 zinaweza kutokea. Swichi hiyo ni bei ndogo. Fyuzi za ABS ziko kwenye boksi la injini. Zichomoe uzitazame, usiridhike na kuchungulia.

Kuchomeka mashine

Kidude kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kila kona, ELM327, pamoja na programu ya bure kwenye simu, kwa kawaida husoma injini peke yake. Kikikuambia "hakuna kodi" wakati VSC inawaka, hakijakudanganya. Hakijaufikia mlango wa ABS. Unahitaji mashine au programu inayoingia kwenye ABS ya aina ya gari lako na, muhimu zaidi, inayoonyesha namba zikitembea. Kwa Toyota, kompyuta yenye Techstream, programu ya Toyota wenyewe, na kebo yake hutosha, na mashine za Launch nazo zinafika.

Fanya hivi. Soma kodi zote, uzipige picha. Futa. Zima gari, washa swichi tena, usome kabla ya kusogea hata hatua moja. Kodi iliyorudi palepale ni ya njia iliyokatika au iliyogusana: waya, plagi, au sensa iliyokufa kabisa. Isiporudi, endesha taratibu ukiona ni mwendo gani taa inawaka. Inayorudi baada ya magurudumu kuzunguka ina njia nzima kwa umeme ila taarifa zake mbaya: meno machafu, sensa iliyosogea, beringi iliyolegea. Jaribio hili ni la dakika tano, na linagawanya kazi mara mbili.

Kodi za kukariri kwa Toyota ni hizi: C0200 gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. C1231 ni usukani, C1234 ni mzunguko wa bodi. C1210 na C1336 zinasema sifuri haijawekwa, na kwa hizo usinunue chochote. U0123 na U0126 zinasema kontroli boksi haisikii kabisa sensa ya mzunguko au ya usukani, kwa hiyo tazama umeme na plagi yake kwanza. Kulia na kushoto ni kwako wewe uliyekaa kwenye kiti ukitazama mbele. Usicheke, nimeona gurudumu lisilo na kosa likifunguliwa kwa sababu fundi alikuwa amesimama mbele ya gari.

Asiye na mashine bado ana njia kwenye Toyota nyingi. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, unganisha tundu namba 13 (Tc) na namba 4 (CG) kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Taa ya ABS na ya VSC zitaanza kupepesa. Zikipepesa haraka bila kukatiza, hakuna kodi. Zikipepesa kwa makundi, hesabu: mara tatu, kimya kidogo, mara moja, ni 31, gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya. Tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiliunganisha na namba 4 utaunguza fyuzi, kama si zaidi.

Sensa za magurudumu, ambako mara nyingi ndiko kuliko

Hizi ziko nje, kwenye tope na maji ya chumvi, karibu na nyundo ya fundi. Ndiyo maana nazichunguza kabla ya zile zilizokaa ndani kwenye kapeti.

Anza barabarani na mtu wa pili ashike mashine. Fungua kasi ya magurudumu manne kwa pamoja. Kwenye barabara iliyonyooka kwa mwendo wa 30, namba nne zinapaswa kwenda pamoja kama watoto wa shule kwenye mstari. Moja ikibaki sifuri, njia imekatika. Moja ikizidi wenzake kwa asilimia ileile muda wote, tazama tairi. Moja ikiruka chini na kurudi kila baada ya mzunguko, jino limevunjika au ringi imepasuka. Moja ikipotea ukikaribia kusimama, chini ya 10, sensa iko mbali na meno yake au kuna kutu. Hiyo ya mwisho ina dalili unayoweza kuihisi bila mashine: pedali inatetemeka kwa ABS pale unaposimama taratibu kwenye lami kavu, ambako hakuna sababu.

Ukijua gurudumu, legeza nati, piga jeki, weka stendi, zuia magurudumu mengine kwa mawe. Jeki peke yake haitoshi kulala chini yake.

Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea na inasogeza meno mbali na sensa; sensa mpya haitasaidia lolote. Ondoa tairi. Fuata waya kwa vidole kutoka kwenye sensa mpaka unapoingia bodini. Klipu zote zipo? Klipu iliyokosekana ndiyo huufanya waya ugusane na tairi au shafti. Fungua plagi: kijani ni kutu ya shaba, unyevu ni adui, pini iliyozama haigusi. Toa sensa ufute kichwa chake. Vumbi la chuma kutoka kwenye diski za breki hung'ang'ania sumaku mpaka sensa iote ndevu, na mara nyingine kitambaa kinamaliza kazi yote.

Sasa multimita. Kwanza ujue sensa yako ni ya aina gani. Chomoa plagi, washa swichi, pima volti upande wa waya unaotoka kwenye gari, si upande wa sensa. Ukipata karibu volti za betri, sensa inalishwa umeme, aina ya kisasa. Ukipata volti kidogo au sifuri, huenda ni ile ya zamani ya koili na sumaku, au ni ya kisasa na waya umekatika. Linganisha na gurudumu la upande wa pili kabla hujaamua.

Ya koili unaipima om, yaani ukinzani wake wa umeme. Nyingi huangukia kati ya om 600 na 2,500, na ya kushoto isiachane sana na ya kulia. Mita ikionyesha njia imekatika, au karibu sifuri, imekufa. Pima pia kati ya kila pini na bodi ya sensa; kusiwe na njia kabisa. Kisha weka multimita kwenye volti za AC na mtu azungushe habu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde. Uone walau sehemu ya kumi ya volti, ikipanda kadiri anavyoongeza kasi.

Ya kisasa usiipime om. Ndani yake kuna elektroniki, namba utakayopata haina maana, na mita inaweza kuiumiza. Kwa hiyo, hakikisha umeme unaifikia, kisha utazame kasi kwenye mashine huku gurudumu likizungushwa. Sensa hizi husoma hata gurudumu likienda taratibu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata multimita. Kama sensa ya kushoto na ya kulia zinafanana, zibadilishane, futa kodi, endesha. Kodi ikihama upande, sensa ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, sensa ni nzima na kosa ni waya, plagi, au meno. Laiti ningelijua hili mapema.

Kuhusu waya: multimita inadanganywa. Waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utaonyesha om sawasawa, kwa sababu mita inapitisha umeme mdogo mno. Chomoa plagi ya sensa na plagi ya kontroli boksi ya ABS (swichi imezimwa, betri imechomolewa), kisha pitisha umeme wa betri nyingine kwenye waya huo ukiwashe kibalbu cha wati 5. Kikiwaka vizuri, ukunje na kuukunjua waya kwa urefu wake wote. Kikipepesa, hapo ndipo palipokatika. Kosa la gari langu nililipata hivyo, baada ya robo saa, tukiwa tumelala kwenye maboksi.

Ukiunga, lehemu kwa risasi na uvalishe mpira unaobana kwa joto, mbali na mahali waya unapojipinda. Nyaya hizi mbili husokotwa pamoja kwa makusudi ili zisidake kelele za umeme wa injini. Zisokote tena baada ya kuunga. Selotepu peke yake itakurudisha gereji masika.

Na beringi mpya? Magari mengi ya sensa ya kisasa hayana meno. Yana pete ya sumaku iliyofichwa kwenye sili ya beringi, upande mmoja tu. Beringi ikifungwa kinyume, inazunguka vizuri, haina kelele, na sensa haioni chochote. Gusisha klipu nyepesi ya karatasi: upande unaoivuta kwenye sili ndio unaoelekea sensa. Na huo upande usigongwe nyundo wala kuwekwa juu ya sumaku ya spika.

Usukani

Simamisha gari matairi yakitazama mbele, fungua namba ya usukani, ambayo mashine huiandika Steering Angle. Zungusha taratibu kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Namba iende laini bila kuruka, na ikirudi katikati iwe karibu na sifuri. Ikiruka au kuganda, sensa ina kasoro. Ikienda laini lakini inasema nyuzi 12 wakati gari linakwenda moja kwa moja, sensa huenda ni nzima na stelingi ndiyo imepotoka. Rudi kwenye alaimenti ufanye stelingi inyooke kwanza, kisha ufuatie kuweka sifuri.

Ikibidi kuifungua, kumbuka iko jirani na mfuko wa hewa na ile kebo ya kujizungusha inayopitisha umeme kwenye usukani. Chomoa betri, subiri walau sekunde 90 ndiyo uguse. Funga usukani ukiwa katikati. Kebo ikizungushwa mara moja zaidi itakatika kwenye kona ya kwanza ya nguvu, na utakuwa umejiongezea taa ya mfuko wa hewa.

Mzunguko wa bodi

Gari likiwa limesimama mahali tambarare, Yaw Rate, yaani kasi ya mzunguko wa bodi, isome karibu sifuri na isitangetange. Msukumo wa ubavuni nao karibu sifuri. Kabla ya kulaumu sensa, ifikie chini ya konso uone kama boliti zake zimekaza, mshale ulio juu yake unatazama mbele, na kapeti halijalowa. Hii ndiyo sensa inayouawa na kuosha ndani.

Kuhakikisha haidanganyi, tafuta uwanja mpana usio na watu. Endesha mduara kwa mwendo wa 15 hivi, stelingi ukiishikilia palepale, na mwenzako ahesabu sekunde za mzunguko mmoja. Gawa 360 kwa sekunde hizo. Ukitumia sekunde 15, sensa inapaswa kusoma karibu nyuzi 24 kwa sekunde. Geuza upande: namba ileile, alama ya kujumlisha ikawa ya kutoa au kinyume chake. Ikisoma 24 kushoto na 15 kulia, imechoka.

Kipimo cha ubavuni kina mchezo wake. Fungua sensa bila kuchomoa waya, swichi imewashwa, uilaze ubavu. Isome karibu 9.8 (m/s²), kwa sababu mvutano wa dunia ndio unaoivuta sasa. Upande wa pili, 9.8 kwa alama ya kinyume. Futa kodi utakazokuwa umezizua.

Sensa ya presha ya breki sitaizungumzia sana. Mara nyingi imo ndani ya pampu ya ABS. Mguu ukiwa nje ya pedali isome karibu sifuri, ukikanyaga ipande laini. Isipofanya hivyo, hapo mpelekee mtu wa pampu.

Kuweka sifuri

Sensa ya mzunguko ikifunguliwa au kubadilishwa, gari lazima lifundishwe upya sifuri iko wapi. Mahali tambarare kweli, si kwa macho tu. Gia kwenye P, stelingi katikati, hakuna anayepanda, kushuka wala kufunga mlango. Mashine ina kipengele chake, kifuate. Bila mashine, kwenye Toyota nyingi unafuta sifuri ya zamani kwa kugusanisha tundu namba 12 (Ts) na namba 4, swichi ikiwa imewashwa, mara nne au zaidi ndani ya sekunde 8. Unazima, unaziunganisha zikae, unawasha swichi na kuliacha gari litulie mpaka taa ya VSC ianze kupepesa. Mpangilio hubadilika kwa modeli, hivyo tafuta wa gari lako. Volkswagen, BMW na Mercedes usihangaike na waya; tumia mashine.

Ukishathibitisha kwamba ni sensa

Nunua kwa namba iliyoandikwa mwilini mwake, si kwa jina la gari. Iwe Kariakoo, Ilala au Kirinyaga Road ya Nairobi, nenda na ya zamani mkononi. Sensa ya gurudumu ya mtumba naweza kuikubali kama ni ya koili na muuzaji ananiruhusu kuipima om pale dukani. Ya mzunguko wa bodi ya mtumba, nusu kwa nusu. Kebo ya usukani ya mtumba sinunui, haijalishi bei.

Baada ya kufunga, futa kodi na uende angalau kilomita 10 zenye kona za pande zote. Kisha tafuta kipande cha changarawe kisicho na mtu, mwendo wa 30, ukanyage breki kwa nguvu. Pedali ikutetemeshe mguu, gari linyooke, taa izime. Kodi zisomwe tena usiku ule na baada ya wiki.

Langu sasa lina mwezi wa nane. Ile sensa ya kwanza ya mtumba bado ninayo kwenye boksi la spana. Niliipima siku tuliyopata waya: om 1,100. Ilikuwa nzima.